CHICAGO SI TUSI: Tukihesabu maiti, tuhesabu kwa mizani iliyo sawa



Kuna picha inazunguka kwenye magrupu yetu ya WhatsApp. Mmeiona. Juu kuna jina la Chicago na idadi ya watu waliouawa huko kwa mwaka mmoja. Chini kuna Eastleigh na ile tahadhari ya safari ambayo serikali ya Marekani huwapa raia wake wanaotaka kuja Kenya. Halafu maneno ya kejeli: ati wao wanauana kwao kila wikendi, kisha wanatwambia sisi ndio hatari.

Wacha niseme ukweli kabla sijamkosoa mtu. Mimi pia niliisambaza. Nilicheka, nikaituma kwenye magrupu matatu, nikalala zangu. Asubuhi dada mmoja tunayefanya naye kazi za mtaani aliniuliza swali moja tu: "Kwani hiyo Chicago ina watu wangapi?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimerusha idadi ya maiti bila kujua ni maiti kati ya watu wangapi, wala waliokufa ni kina nani.

Kwa hivyo posti hii ni kafara ya ile picha. Ni ndefu. Tafadhali isome mpaka mwisho, kisha uamue kama utaisambaza tena.

HASIRA YETU NI YA HAKI

Tuanze hapo. Kwa miaka mingi tahadhari hiyo imekuwa ikiitaja Eastleigh kwa jina, ikaitaja Kibera, na ikazitaja kaunti za mpakani na Somalia pamoja na sehemu za Pwani yetu. Mtaa wenye misikiti, madrasa, maduka na wazee wenye heshima zao unamalizwa kwa mstari mmoja. Ukizaliwa mtaa kama huo unajua maana yake: jina la mtaa linakutangulia kila uendako. Hujafungua mdomo, tayari umeshahukumiwa.

Sasa mtu aliyehukumiwa hivyo akitafuta jiwe la kurusha, namwelewa. Lakini jiwe tulilookota halikumpiga yule aliyeandika tahadhari. Lilimpiga mama wa Chicago aliyemzika mtoto wake. Na isitoshe, hata hesabu yenyewe tuliikosea.

VIATU VYA MSIKITINI

Tuseme kuna msikiti mkubwa wa Ijumaa wenye waumini 3,000. Wiki hii zimeibiwa jozi 30 za viatu. Nyuma kuna kimsikiti cha mtaa chenye waumini 100, na hapo zimeibiwa jozi 5. Wewe ungeogopa kuacha viatu vyako wapi?

Mwenye haraka atasema msikiti mkubwa, manake 30 ni nyingi kuliko 5. Mwenye mizani atahesabu: kule ni mtu mmoja kati ya 100, huku ni watu watano kati ya 100. Kimsikiti kidogo ndicho chenye wezi.

Miji ya Marekani ni vivyo hivyo. Ndiyo maana wanaohesabu kwa makini hawaangalii idadi peke yake, wanaangalia mauaji kwa kila watu 100,000. Chukua mwaka 2020, mwaka ambao Marekani pia ilifanya sensa.

Chicago: karibu watu 770 waliuawa, kati ya wakazi milioni 2.7. Hiyo ni kama 28 kwa kila 100,000.

New York: karibu 470, kati ya wakazi milioni 8.8. Kama 5 kwa kila 100,000.

Detroit: zaidi ya 320, kati ya wakazi 639,000. Kama 51.

Baltimore: 335, kati ya wakazi 586,000. Kama 57.

St. Louis: zaidi ya 260, kati ya wakazi 301,000. Kama 87.

Soma tena mstari wa mwisho. St. Louis ilikuwa na maiti wachache kuliko hata New York, lakini hatari ya mkazi wake kuuawa ilikuwa mara tatu ya mkazi wa Chicago, na zaidi ya mara kumi na tano ya mkazi wa New York. Nani kati yetu amewahi kuona picha ya kejeli yenye jina la St. Louis? Mimi sijaiona. Ni Chicago tu, Chicago, Chicago.

Kwa nini Chicago? Hapo ndipo tunaingia kwenye siasa.

ALIYETUPA JIWE HILO NI NANI?

Mwezi wa Oktoba 2019, Donald Trump akiwa rais alikwenda Chicago kuhutubia mkutano wa wakuu wa polisi. Aliwaambia kwamba Afghanistan ni mahali salama ukilinganisha na mji huo. Kabla ya hapo vijana wa Chicago wenyewe walikuwa wameshaupachika mji wao jina la Chiraq, yaani Chicago na Iraq kwa pamoja, na mwaka 2015 Spike Lee akatoa filamu yenye jina hilo.

Hebu simama hapo kidogo. Mtu akitaka kuutukana mji wa watu weusi wa Marekani, anatumia jina la nchi ya Waislamu kama kipimo cha ubaya. Afghanistan, nchi iliyopigwa mabomu na Marekani miaka ishirini. Iraq, nchi ambayo Marekani iliivamia mwaka 2003. Wao ndio waliowasha moto, kisha majivu yakawa mfano wa kuwatukania maskini wa kwao.

Halafu sisi tukaja, tukalichukua jina la Chicago, tukalifanya tusi vilevile. Tumeokota jiwe la mtu yuleyule aliyetutusi na tukamsaidia kulirusha.

Agosti 2025 mambo yalikuwa hayohayo. Rais huyohuyo alichukua usimamizi wa polisi wa Washington DC na kupeleka wanajeshi wa Walinzi wa Taifa mitaani, huku akionyesha chati za kuulinganisha mji huo na miji mikuu mingine ya dunia. Ni kweli, mwaka 2023 waliuawa watu 274 hapo, na hilo ni jambo zito. Lakini mwaka 2024 idadi hiyo ilikuwa imeshuka hadi 187. Mauaji yalianza kupungua kabla mwanajeshi hajashuka kwenye gari. Namba zikichaguliwa vizuri zinaweza kuleta bunduki mtaani kwako. Sisi tulioishi na misako ya usiku tungekuwa wa kwanza kuutambua mchezo huo.

MPAKA UNACHORWA NA NANI?

Tuseme basi umeshajua kuhesabu kwa kila 100,000, na sasa unataka kuhamisha tusi kutoka Chicago kwenda St. Louis. Subiri.

Mwaka 1876 mji wa St. Louis ulijitenga na kaunti yake. Ulijichorea mpaka na ukabaki ndani yake mpaka leo. Watu waliokuwa na uwezo, wengi wao weupe, baadaye walihamia nje ya mpaka huo, kwenye vitongoji vya kaunti. Kwa hivyo ukihesabu "mji wa St. Louis" unahesabu kiini kidogo chenye umaskini mwingi, wakati eneo zima la St. Louis na viunga vyake lina watu wapatao milioni 2.8. Jacksonville kule Florida ilifanya kinyume: mwaka 1968 iliunganishwa na kaunti yake, kwa hiyo vitongoji tulivu vimo ndani ya hesabu yake na vinateremsha kiwango.

Yaani miji miwili inaweza kuwa na mitaa yenye shida sawasawa, mmoja ukaonekana jehanamu na mwingine ukaonekana wa kawaida, kwa sababu tu ya mstari aliouchora mtu kwenye karatasi.

Na kuna mstari mwingine: nani anaingia kwenye orodha ya "miji mikubwa"? Jackson, mji mkuu wa jimbo la Mississippi, una watu wapatao 150,000. Mwaka 2021 waliuawa watu zaidi ya 150 hapo. Piga hesabu mwenyewe: ni karibu 100 kwa kila 100,000, juu ya St. Louis ya mwaka 2020. Lakini orodha nyingi zinaanzia miji ya watu 250,000, kwa hivyo Jackson haionekani. Mama aliyefiwa Jackson hana hata pahali pa kutajwa.

Hata FBI yenyewe, inayokusanya takwimu hizi, imekuwa ikionya watu wasizitumie kupanga miji kwa ubaya. Mwaka 2021 ilipohamia mfumo mpya wa kupokea takwimu, idara kubwa kama za New York na Los Angeles hazikuwa zimewasilisha zake. Na bado watu walitoa orodha.

NANI ANAHESABIWA, NANI HAHESABIWI?

Hapa ndipo jambo linatuhusu sisi moja kwa moja, kwa hivyo tegeni sikio.

Polisi wa Chicago walihesabu mauaji 797 mwaka 2021. Wengine walihesabu zaidi ya 800 ndani ya mji uleule, mwaka uleule. Tofauti inatoka wapi? Sehemu yake ni kwamba mtu akipigwa risasi kwenye barabara kuu inayopita mjini, kesi inakwenda kwa polisi wa jimbo, na polisi wa mji hawamtii kwenye hesabu yao. Amekufa ndani ya Chicago, lakini kwenye karatasi ya Chicago hayumo.

Kuna kubwa kuliko hilo. Mtu akiuawa na polisi, na mauaji yakaitwa ya halali, hayaingii kwenye takwimu za mauaji za FBI. Tarehe 9 Agosti 2014 kijana mweusi wa miaka 18, Michael Brown, alipigwa risasi na polisi na kufa kule Ferguson. Ferguson iko kaunti ya St. Louis, nje ya ule mpaka wa 1876, kwa hivyo hata mpaka unamtoa nje ya hesabu ya mji. Baada ya kifo chake, gazeti la Washington Post lilianza mwaka 2015 kuhesabu lenyewe kila mtu anayeuawa kwa risasi za polisi nchini. Lilikuta ni karibu watu 1,000 kila mwaka, zaidi ya mara mbili ya idadi ambayo FBI ilikuwa ikiripoti. Taifa tajiri kuliko yote duniani, lenye kompyuta na pesa zote hizo, lilingoja waandishi wa habari walihesabie watu wake waliouawa na dola.

Mnauona mchoro? Na sisi hapa Kenya ni vilevile. Wanaohesabu waliouawa na polisi na waliopotezwa ni mashirika ya haki yaliyoungana kwenye Missing Voices, pamoja na familia zenyewe zinazozunguka na picha za watoto wao. Mnakumbuka Januari 2022, habari za miili iliyokuwa ikitolewa Mto Yala. Ile miili iliingia kwenye takwimu za mauaji za mji gani? Kwenye orodha ya nani?

Kwa hivyo yule anayesema ati "Nairobi ni salama kuliko Chicago, takwimu zinasema" namwambia pole pole: mizani ya upande mmoja ina mawe, ya upande wa pili imetobolewa chini. Usipime nayo. Usalama wetu utathibitika siku ambayo kila maiti atakuwa na jina, faili na kesi.

NI DAMU YA KINA NANI?

Sasa turudi kwa waliokufa, kwa sababu picha yetu ya kejeli iliwasahau.

Watu weusi ni kama 13 au 14 kati ya kila Wamarekani 100. Lakini mwaka 2020 zaidi ya nusu ya waliouawa Marekani walikuwa weusi. Chicago, karibu wanne kati ya kila watano. Wengi ni vijana wa kiume, wa umri wako wewe unayesoma hapa. Karibu watu 8 kati ya 10 waliouawa nchini mwaka huo waliuawa kwa bunduki. Na karibu nusu ya kesi hazikufika kwa mshukiwa yeyote. Mtoto anazikwa, na muuaji anaendelea kununua soda dukani palepale.

Na Chicago yenyewe si moja. Ina maeneo 77 rasmi. Ukiwa Lincoln Park, upande wa kaskazini, mwaka unaweza kupita karibu bila mauaji. Ukiwa West Garfield Park au Englewood, kila familia ina mtu wa kumlilia. Tofauti hiyo haikuteremka kutoka mawinguni. Miaka ya 1930 chombo cha serikali kuu ya Marekani kilichora ramani za miji na kuipaka rangi nyekundu mitaa ya watu weusi na maskini, na mikopo ya nyumba ikawa haifiki huko. Mwaka 1966 Martin Luther King alipoongoza maandamano Marquette Park, Chicago, kudai watu weusi waruhusiwe kuishi popote, alipigwa jiwe la kichwa. Watafiti waliolinganisha ramani zile za zamani na ramani za risasi za leo wameona zinafuatana. Mitaa iliyonyimwa mikopo miaka ya 1930 ndiyo inayookota maganda ya risasi leo.

Mtaa uliopakwa rangi kwenye ramani na mtu asiyeishi hapo. Kisha mtaa ukaumia. Kisha mtaa ukalaumiwa kwa kuumia. Eastleigh, Majengo, Kisauni, hadithi hii mnaijua bila ya mimi kuwaeleza.

Kuna wahubiri wetu wawili watatu wa mtandaoni nao wameidandia. Ati hiyo ni adhabu ya makafiri. Ya sheikh, umeuliza waliouawa ni kina nani? Philadelphia ina moja ya jamii kubwa za Waislamu weusi Marekani. Mwaka 2021 mji huo ulivunja rekodi yake kwa mauaji 562. Maimamu wa huko wameswalia jeneza za vijana waliopigwa risasi mpaka wamechoka kulia. Unasherehekea jeneza la ndugu yako bila kujua.

Na wale wanaonong'ona kwamba "ni tabia ya watu weusi", nao wapo, hata miongoni mwetu, na tusijifanye hawapo. Jibu liko kwenye hesabu. New York mwaka 1990 waliuawa watu 2,245. Mwaka 2017 waliuawa 292. Washington DC mwaka 1991 waliuawa zaidi ya 470. Mwaka 2012 waliuawa 88. Watu wa miji hiyo walibadilisha rangi ya ngozi? Kitu kinachopanda na kushuka hivyo hakiwezi kuwa damu ya mtu. Kinatokana na mambo yanayotengenezwa na watu, na watu wanaweza kuyatengua.

WALIOFANYA KAZI WAKATI SISI TUNACHEKA

Kuna daktari wa Chicago anaitwa Gary Slutkin. Miaka ya 1980 alifanya kazi Somalia, kwenye kambi za wakimbizi, akipambana na kifua kikuu na kipindupindu. Aliporudi kwao aliangalia ramani za mauaji, akaona zinafanana na ramani za maradhi ya kuambukiza: risasi moja inazaa kisasi, kisasi kinazaa risasi. Mwaka 2000 kazi yake ilianza West Garfield Park. Waliwachukua watu wa mtaa wenyewe, wengine waliowahi kuwa magengeni, wakawatuma kwenda kwa aliyekasirika kabla hajatoka na bunduki. Somo lililosomwa kwa wakimbizi wa Kisomali lilikwenda kuokoa watoto wa Chicago. Na sisi, jirani wa Somalia, tukaitumia Chicago kwa kejeli!

Kuna Waislamu wa Chicago waliounda shirika la IMAN, wakiongozwa na Rami Nashashibi, Mpalestina-Mmarekani. Wako upande wa kusini wa mji, jirani na ile Marquette Park ambapo King alipigwa jiwe. Wana kliniki, wanawafunza ufundi waliotoka jela, wanakarabati nyumba zilizoachwa. Mwaka 2016 walishirikiana na majirani kuweka kumbukumbu ya King katika bustani ileile, miaka 50 baada ya jiwe. Da'wah gani kubwa kuliko hiyo?

Na Baltimore, ule mji wa 57 kwa kila 100,000. Chini ya meya Brandon Scott waliamua kuwafuata wale vijana wachache waliomo kwenye mzunguko wa risasi, mmoja mmoja: tutakusaidia utoke, na ukiendelea utashtakiwa. Waliweka pesa za serikali kwa wapatanishi wa mitaa. Mwaka 2019 waliuawa watu 348. Mwaka 2024 waliuawa 201. Bado ni wengi mno, kila mmoja ni mtoto wa mtu. Lakini hao karibu 150 wa tofauti wako hai, wanatembea, na hawajui hata kama ni wao.

Detroit nayo mwaka 2024 ilikuwa na mauaji 203, machache kabisa tangu miaka ya 1960. Boston ilikuwa na 24 mwaka mzima. Habari hizi mmeziona kwenye grupu lolote? Mimi sikuziona. Maiti wanasambaa haraka kuliko waliookolewa.

TUNADAIWA MIZANI

Qur'ani ina sura nzima, Suratul Mutaffifin, inayoanza kwa kuwakemea wanaopunja vipimo: wakipokea wao wanataka kilo kamili, wakiwapimia wengine wanapunguza. Tumezoea kuisoma tukimfikiria muuza sukari. Mimi nakwambia kijana mwenzangu, hata mwenye simu ni muuza sukari. Ukihesabiwa mtaa wako unataka haki kamili: "msituhukumu wote kwa makosa ya wachache!" Ukihesabu mtaa wa mwenzako unabana kilo.

Suratul Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha tuthibitishe habari kabla hatujawadhuru watu bila kujua. Suratul Maida, aya ya 8, inatukataza tusiache uadilifu kwa sababu ya kuwachukia watu fulani. Na sura hiyohiyo, aya ya 32, inaifanya nafsi moja iliyouawa kwa dhulma kuwa sawa na wanadamu wote. Kwa aya hiyo, hata ile New York ya 5 kwa kila 100,000 ina msiba wa ulimwengu mzima mara karibu 470.

Kwa hivyo ukiletewa tena picha ya namna hii, kabla hujabonyeza kutuma jiulize:

1. Ni maiti wangapi, kati ya watu wangapi?
2. Mwaka gani, na mwaka kabla yake ilikuwaje?
3. Mpaka wa mji umechorwa wapi, na ni mtaa gani hasa unaoumia?
4. Nani hakuhesabiwa? Aliyeuawa na polisi yumo?
5. Anayenionyesha namba hii anataka nimwogope nani?

Swali la tano ndilo lenye sumu. Lishike vizuri.

Na tukitaka kuijibu ile tahadhari ya safari, tuijibu kwa namna inayouma kweli. Tuwaulize waliyoiandika: mmetumia kipimo gani kuutaja mtaa mzima? Kwa kila watu wangapi? Mbona kwenu mnajua kwamba Lincoln Park si Englewood, lakini kwetu Eastleigh yote ni mstari mmoja? Hilo ni swali wasiloweza kulicheka. Na kwa serikali yetu hapa nyumbani, tudai kitu kimoja kilicho wazi: kila anayekufa kwa mkono wa mtu, awe raia au askari, ahesabiwe, atajwe, na kesi yake ichunguzwe mpaka mwisho.

Mimi nimeifuta ile picha kwenye magrupu yote matatu na nimewaomba radhi. Mmoja aliniuliza, "Sasa umekuwa wakili wa Marekani?" La. Nimekuwa wakili wa yule kijana wa West Garfield Park ambaye mtaa wake umeshahukumiwa kabla hajafungua mdomo. Namjua. Anafanana na mimi, na anafanana na wewe.

Allah awarehemu waliouawa kwa dhulma kila mahali, awape subra mama zao, na atufanye sisi watu wa mizani. Amin.

Wabillahi tawfiq. Ukiwa na komenti, ilete kwa adabu. Ukiwa na namba, ilete na idadi ya wakazi wake.